Mwano: Yowe Linaloita na Yowe Linalohukumu katika Nchi ya Simiyu

Katika Kisukuma, ambacho ndicho lugha ya nyumbani kwa wakazi wengi wa Somanda, kata ya mjini Bariadi, na wa Mkoa wa Simiyu kwa jumla, yowe la hatari huitwa mwano, na neno hilo limezoeleka kiasi kwamba hata mtu anayezungumza Kiswahili katika ofisi ya kata au mbele ya hakimu husema kwamba mwano ulipigwa, akitarajia aeleweke bila kufafanua. Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribiana nalo, kama vile yowe, ukemi, ukwenzi, unyende na kamsa, na kila moja lina rangi yake: yowe laweza kuwa la hofu au la maumivu, unyende huelekea upande wa kilio, na kamsa ni tangazo la hatari ambalo laweza kutolewa hata kwa kengele. Mwano hujitenga na hayo yote kwa jambo lisilohusu ukali wa sauti wala hisia za anayeitoa. Ni wito wenye masharti, yaani sauti ambayo ikishatoka humtia kila aliyeisikia katika deni la kuitikia, na humtia aliyeitoa katika deni la kueleza kwa nini ameitoa.

Deni hilo la pande mbili ndilo linalostahili kuchunguzwa, kwa kuwa limelinda mifugo na watu katika nchi ya Wasukuma kwa vizazi vingi, na kwa kuwa linapoharibika huua. Huharibika kwa njia inayoweza kuelezwa waziwazi: yowe huacha kuita na kuanza kuhukumu. Yowe linaloita husema njooni, nalo huwaachia wanaokuja kazi ya kuuliza kilichotokea. Yowe linalohukumu humtaja mkosaji papo hapo, na wanaokuja hukuta hukumu imekwisha kutolewa, iliyobaki ni adhabu. Mengi ya yanayolaumiwa au kusifiwa kuhusu ulinzi wa jadi katika Usukuma hueleweka vizuri zaidi yakipimwa kwa tofauti hiyo kuliko yakipimwa kwa swali la kawaida la kama mila ni nzuri au mbaya.

Sauti yenyewe ina sababu zake za kufaa kwa kazi hii. Mwaka 2015 Luc Arnal, David Poeppel na wenzao walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mayowe ya binadamu yana sifa ambayo usemi wa kawaida hauna, nayo ni mkwaruzo, yaani kupanda na kushuka kwa nguvu ya sauti kwa kasi ya kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde, na kwamba sifa hiyo huiamsha amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulikia hatari. Ndiyo maana aliyelala fofofo hushtushwa na yowe ilhali mazungumzo ya nje ya dirisha hayamwamshi. Nchi nayo husaidia. Sehemu kubwa ya Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu ni mbuga na tambarare zilizokatwa na vilima vya mawe, zenye miti michache kwa sababu ya kilimo cha pamba, malisho, na kampeni za wakati wa ukoloni za kufyeka vichaka ili kuwaondoa mbung'o. Usiku, ardhi inapopoa upesi kuliko hewa iliyo juu yake, mawimbi ya sauti hupindishwa kurudi chini badala ya kupotelea angani, na yowe ambalo mchana lingefia kwenye shamba la jirani hufika kitongoji cha pili. Wezi wa ng'ombe huja usiku, na usiku ndio wakati ambao sauti husafiri mbali.

Hata hivyo hakuna sauti inayomleta mtu kwa nguvu zake yenyewe. Kinachomtoa mtu kitandani akachukua upinde na kuingia gizani ni kujua kwamba asipotoka atahesabiwa. Hapo ndipo mwano ulipopata uwezo wake katika tawala za kale za kitemi, zikiwemo za Ntuzu, Itilima na Kanadi, ambazo maeneo yake leo yamo ndani ya Simiyu. Kaya za Wasukuma hazikujengwa kwa kubanana. Kila kaya ilikaa katikati ya mashamba na malisho yake, na umbali kati ya mlango na mlango ulikuwa mkubwa kiasi kwamba familia moja isingeweza kulilinda zizi lake dhidi ya kundi la wavamizi. Ulinzi ulikuwa wa pamoja au haukuwepo kabisa. Aliyeshindwa kuitikia aliulizwa sababu na wazee, na kama hakuwa na udhuru alitozwa mfugo au alinyimwa msaada siku ya shida yake, na katika nchi ambayo kulima, kujenga na kuzika hufanywa kwa msaada wa majirani, adhabu hiyo ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Aliyepiga mwano bila sababu alikabiliwa vivyo hivyo, kwani kila wito wa uongo hupunguza miguu itakayotoka kwa ajili ya wito wa kweli.

Utaratibu wa namna hii si wa Wasukuma peke yao. Waganda wana enduulu, Wajaluo wana nduru, Wakikuyu wana mbu, na katika kila moja ya jamii hizo kupiga yowe na kuliitikia kulihesabiwa kuwa wajibu wa ujirani. Uingereza nayo ilikuwa na sheria ya aina hiyo: Sheria ya Winchester ya mwaka 1285 iliwataka wenyeji wa eneo kumfuata mhalifu kwa mayowe kutoka kijiji hadi kijiji, na iliwawajibisha wote kwa pamoja kulipia hasara ya wizi endapo wangeshindwa kumtoa mkosaji. Wajibu huo ulififia katika karne ya 19 polisi wa kulipwa walipochukua kazi hiyo. Ulinganisho huu una faida moja mahususi, kwamba unaondoa dhana kuwa wajibu wa kuitikia yowe ni kipimo cha jamii kukosa ustaarabu. Ni jibu ambalo watu hulifikia popote dola inapokuwa mbali na mwizi anapokuwa karibu.

Dola ilikuwa mbali katika Usukuma wa miaka ya 1970. Utemi ulifutwa mwaka 1963, na pamoja nao likaondoka baraza lililokuwa likimhoji asiyeitikia. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliwahamisha watu kutoka kaya zao za asili na kuwaweka kwa mistari katika vijiji vipya, ambamo milango ilikaribiana lakini majirani hawakuwa wale waliodaiana tangu zamani. Kisha yakaja yaliyojulikana kama mauaji ya Shinyanga. Mwaka 1976 vyombo vya usalama vilifanya operesheni Mwanza na Shinyanga kuwasaka watuhumiwa wa mauaji, yakiwemo ya waliodhaniwa kuwa wachawi. Watuhumiwa waliteswa na baadhi yao wakafia mikononi mwa walinzi wa sheria. Kashfa hiyo ilimfanya Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ajiuzulu mwaka 1977. Kujiuzulu kwake kumekumbukwa, kwa haki, kama mfano wa uwajibikaji, lakini vijijini somo lilikuwa jingine: waliopaswa kuitwa ili kuzuia mauaji walikuwa wameua. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilipokwisha, bunduki zilizotapakaa baada yake zikaingia katika wizi wa ng'ombe, na wenye mifugo wakabaki bila mlinzi waliyemwamini.

Sungusungu, yaani vikundi vya ulinzi vya wanavijiji, walizaliwa katika pengo hilo. Vikundi vya kwanza vilijitokeza upande wa Kahama na mpaka wa Shinyanga na Tabora mnamo mwaka 1981 na 1982, vikaenea upesi katika Unyamwezi na Usukuma wote, zikiwemo Maswa, Bariadi na Meatu. Jina lao la Kiswahili limetokana na wale chungu weusi wanaouma. Wenyewe walijiita pia Basalama, watu wa amani. Kila kijiji kilimchagua ntemi wake, cheo kilichochukuliwa kutoka utawala uliofutwa, pamoja na makamanda na katibu, na wanaume wazima walitakiwa kuwa na upinde, mishale na filimbi. Mtafiti Ray Abrahams, aliyewaandikia makala katika jarida la African Affairs mwaka 1987, aliwaona kama watu walioyachukua madaraka ambayo dola ilishindwa kuyatumia, bila kuikataa dola yenyewe, na maelezo hayo yamestahimili muda.

Walichokifanya kuhusu mwano ni kuurudishia baraza lake. Yowe lilipopigwa, filimbi zililipokea na kulipeleka mbele. Nyayo za ng'ombe zilifuatwa hadi mpaka wa kijiji jirani, na hapo kijiji hicho kilibeba mzigo wa kuonyesha kwamba nyayo zimepita au kumtoa mwizi. Baada ya msako, waliotoka walihesabiwa. Asiyeonekana alitafutwa nyumbani kwake, akaulizwa, na kama hakuwa mgonjwa wala safarini alitozwa faini. Aliyekaidi alitengwa, maana yake hakuna aliyezungumza naye, aliyempa moto wala aliyemzikia, mpaka alipokubali kosa. Ni katika hatua hii ya kuhesabu ndipo sungusungu walipofaulu pale ambapo hotuba za kuhimiza ulinzi shirikishi zimekuwa zikishindwa hadi leo. Hotuba humwomba mtu awe mwema. Orodha ya waliotoka humjulisha kwamba kutotoka kwake kumeonekana.

Chama cha Mapinduzi, kupitia viongozi wake wakuu akiwemo Rashidi Kawawa, kiliwaunga mkono mapema, ingawa polisi na mahakama walikuwa na mashaka yenye msingi. Mwaka 1989 Bunge lilipitisha Sheria Na. 9 iliyorekebisha sheria za mgambo na kuvipa vikundi hivyo uwezo wa kukamata. Kwa hiyo mwano, uliokuwa wajibu wa kimila, ukapata kivuli cha sheria iliyoandikwa, na uwezo huo ukabeba sharti ambalo sheria ya Tanzania humwekea kila raia anayemkamata mwenzake: aliyekamatwa afikishwe polisi bila kucheleweshwa. Sharti hilo lilivunjwa mara nyingi. Zipo kumbukumbu za watuhumiwa waliochapwa hadi kukiri, waliofukuzwa vijijini kwa tuhuma za uchawi, na waliokufa. Yeyote anayewasifu sungusungu bila kuyataja hayo anawadhulumu wafu, na anayeyataja hayo tu anawasahau waliolala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kwa sababu zizi lao lilikuwa na watu wa kuliitikia.

Ubaya huo hautoki katika kuita. Kuna hatua tatu baada ya yowe, nazo ni kuja, kumshika na kumhukumu mshukiwa, na mwano katika umbo lake kamili huwalazimisha wasikiaji katika hatua ya kwanza peke yake. Hatua ya pili huruhusiwa kwa masharti. Hatua ya tatu huachwa kwa wazee, kwa baraza au kwa mahakama, na muda unaopita kati ya kushika na kuhukumu, hata ukiwa wa usiku mmoja, ndio unaomwokoa asiye na hatia. Yowe la mjini la "mwizi!" huzibana hatua zote tatu katika neno moja. Aliyepaza sauti ameshaita, ameshataja na ameshahukumu, na umati unaokusanyika mara nyingi haumjui mlalamikaji wala mtuhumiwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiripoti katika taarifa zake za mwaka mamia ya watu wanaouawa nchini kwa kile kinachoitwa kujichukulia sheria mkononi. Baadhi yao walikuwa wezi wa kuku na simu. Baadhi hawakuwa wezi wa chochote, ila walikimbia wakati usiofaa, au walifika ugenini wakiwa walevi au wagonjwa wa akili na wakashindwa kujieleza.

Suala la kumtaja mkosaji mapema lina mkanganyiko wake. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Waziri Amani lililoamuliwa mwaka 1980, ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu na haupaswi kutegemewa mpaka uwezekano wote wa makosa uwe umeondolewa, hasa tukio likiwa la usiku. Katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, lililochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 2002, mahakama hiyo iliongeza kwamba shahidi anayemtaja mshukiwa katika nafasi ya mapema kabisa hujipatia uaminifu, na anayechelewa au kushindwa kumtaja hutia shaka. Ndiyo maana katika kesi nyingi za ujambazi na mauaji ya vijijini swali linalorudiwa ni hili: walipofika majirani walioitikia yowe, je, mwathirika aliwaambia ni nani? Akinyamaza wakati ule na kumtaja siku ya tatu, ushahidi wake huyumba.

Kwa hiyo sheria humtaka mwathirika ataje jina mapema, na umati wa barabarani humwua anayetajwa mapema. Mwathirika aliyemtambua mvamizi wake yumo kati ya mambo hayo mawili, na hana mtu wa kumwelekeza. Mila ya mwano, ikifuatwa kwa makini, ina njia ya kupita hapo: yowe halina jina, na jina husemwa baadaye kidogo, kwa kiongozi aliyefika, iwe ntemi wa sungusungu, mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa, mbele ya wachache wanaoweza kuja kuwa mashahidi. Jina likitajwa hivyo ndani ya dakika chache hutimiza matakwa ya mahakama, na halimfikii kila mwenye jiwe mkononi. Viongozi wa mitaa wanaopewa semina za kila namna wangefaidika zaidi kwa kufundishwa jambo hili moja, kisha wapewe daftari la kuandikia saa, jina lililotajwa na majina ya waliosikia, kuliko kwa kukumbushwa kwa jumla kwamba wananchi wasijichukulie sheria mkononi.

Somanda yenyewe inaonyesha jinsi mambo yanavyobadilika. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga na kuongezewa Busega iliyotoka Wilaya ya Magu mkoani Mwanza, na Bariadi ikawa makao yake makuu. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157 katika mkoa, na ya mwaka 2022 ikahesabu 2,140,497. Mji wa makao makuu hupokea watumishi, wafanyabiashara, wanafunzi na waendesha bodaboda kutoka kila upande, nyumba za kupanga hujengwa na kuzungushiwa kuta, na mpangaji wa chumba kimoja huenda asijue jina la mpangaji wa chumba cha pili. Masikio yameongezeka, lakini madeni yamepungua. Huko New York, Kitty Genovese alipouawa mwezi Machi 1964 karibu na nyumba yake, gazeti la New York Times liliandika kwamba mashahidi 38 walimsikia au kumwona na hawakufanya lolote. Idadi hiyo baadaye ilionekana kutiwa chumvi, na gazeti lenyewe limekiri. Lakini kisa hicho kiliwafanya John Darley na Bibb Latané wafanye jaribio waliloliripoti mwaka 1968, ambamo mtu alisikia mwenzake akipatwa na kifafa katika chumba kingine. Waliodhani wao ndio wasikiaji pekee walitoka kutafuta msaada kwa asilimia 85 kabla sauti ya mgonjwa haijakatika. Waliodhani kuna wasikiaji wengine wanne walitoka kwa asilimia 31 tu. Wajibu uligawanyika kwa idadi ya masikio.

Ukisomwa kwa macho ya Usukuma, utafiti huo unaeleza kwa nini orodha ya sungusungu ilikuwa na maana kubwa, kwani ilimwondolea msikiaji uwezo wa kujificha nyuma ya wasikiaji wengine. Namba ya dharura 112 ya polisi, na 116 ya msaada kwa watoto, ni nyenzo za lazima ambazo wazee wa zamani wasingezikataa, lakini simu ina upungufu ambao yowe halina: humfikia mmoja, tena aliye mbali, na huwaacha walio karibu wakiamini kwamba anayehusika amekwisha kuarifiwa. Mtaa unaotegemea simu pekee umewasamehe majirani deni lao bila kumlipa mwathirika.

Lipo eneo moja ambamo mwano bado hufanya kazi bila utata, nalo ni vijiji vya Bariadi, Itilima, Busega na Meatu vinavyopakana na Serengeti au na Pori la Akiba la Maswa, ambako tembo huingia mashambani mahindi na mtama vinapokaribia kukomaa. Huko watu huitana kwa mayowe, madebe na tochi ili kundi la tembo ligeuke kabla halijamaliza chakula cha mwaka mzima. Hatari ya kuumizwa ni kubwa na vifo hutokea, na askari wa wanyamapori hawawezi kuwa kila kijiji. Lakini hakuna anayehukumiwa kimakosa, kwa kuwa hatua ya tatu haipo.

Hatua hiyo ya tatu hurudi kwa uzito wake wote mlangoni mwa nyumba za watu, hasa za wanawake, na hapa ndipo mwano ulipo na aibu yake kubwa. Kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,000 waliuawa Tanzania Bara katika matukio yaliyohusishwa na imani za uchawi, wengi wao wakiwa wanawake na wengi wakiwa Usukuma, kama alivyoonyesha Simeon Mesaki katika utafiti wake wa mwaka 1993. Wengi walikuwa vikongwe, wajane wanaoishi peke yao, wenye macho mekundu ambayo wauaji waliyachukua kuwa dalili ya uchawi, ilhali miaka mingi ya kupikia samadi ya ng'ombe na mabua ya pamba katika jiko lenye moshi ilitosha kuyaeleza. Mashirika yaliyofanya kazi Magu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, likiwemo HelpAge, yalilielewa hilo yaliposaidia kujenga nyumba bora na majiko yasiyo na moshi. Bibi aliyevamiwa usiku alipiga yowe kama mtu mwingine yeyote. Mara nyingi majirani walisikia, na baadhi yao hawakutoka, ama kwa kuogopa mapanga, ama kwa sababu moyoni walikuwa wamemhukumu kabla ya wavamizi kufika. Hapo yowe lake lilikuwa la kuita kama inavyotakiwa, ila wasikiaji ndio waliolibeba kama la hukumu, na hakuna baraza lililowatoza faini kwa kutotoka.

Mwanamke anayebakwa hukutana na namna nyingine ya hukumu hiyo ya wasikiaji. Sheria ya kale iliyomo katika sura ya 22 ya Kumbukumbu la Torati ilimhesabu binti aliyekutwa mjini bila kupiga kelele kuwa aliridhia, na yule wa shambani kuwa hana hatia kwa kuwa hakukuwa na wa kumsikia. Wazo hilo, kwamba asiyepiga yowe amekubali, bado limo vichwani mwa wengi, wakiwemo wasomi. Mwili haufanyi kazi hivyo. Utafiti uliochapishwa nchini Sweden mwaka 2017 ulihusu wanawake 298 waliofika kliniki baada ya kubakwa, na asilimia 70 kati yao walieleza kupatwa kwa kiwango kikubwa na hali ya kuganda, ambayo mtu hushindwa kusogea au kutoa sauti bila kupenda. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka wazi kwamba dalili za kupambana, kama vile majeraha, si lazima ili kuthibitisha kwamba hakukuwa na ridhaa, na mwaka 2006, katika shauri la Selemani Makumba, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Mwenyekiti wa mtaa anayeanza mahojiano kwa kuuliza kwa nini hukupiga mwano anauliza swali ambalo sheria ya nchi yake imekwisha kuliacha.

Umebaki mwano wa mke anayepigwa na mumewe, ambao husikika mara nyingi lakini huitikiwa kwa nadra. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupata ukatili wa kimwili. Majirani huyatambua mayowe hayo kwa sauti, huyataja kwa jina la kaya yanakotoka, na husema kwamba mambo ya mume na mke hayaingiliwi, ingawa vijana wa kaya hizohizo wangetoka mbio kwa ajili ya ndama. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo. Kwa maana hiyo jirani anayefika mlangoni usiku baada ya kusikia yowe la mke haingilii haki ya mume yeyote, kwa kuwa haki hiyo haipo. Anafika mahali panapotendeka kosa, na likiwa kosa kubwa kama la kujeruhi, uwezo wake wa kumkamata mtenda na kumfikisha polisi ni uleule ambao angekuwa nao kando ya zizi la ng'ombe. Vijiji na mitaa ya Simiyu vinavyoandika katika sheria ndogo zao faini kwa asiyeitikia mwano vinaweza kuandika katika kifungu hichohicho kwamba yowe linalotoka ndani ya nyumba ni mwano, na waliolisikia wahesabiwe.